Jiliwa la Mama Nyota, Mkeka Katikati

Msinunue jiliwa kwa sababu ya rangi. Ningeweza kuishia hapo nanyi mkaenda zenu, lakini najua hamtanisikia. Mimi mwenyewe niliambiwa maneno hayohayo na mtu niliyemheshimu kuliko baba zangu wadogo wote, na kabla wiki haijaisha nikanunua la kijani.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaofungua karakana nyuma ya nyumba zenu, mnaokuja kuniuliza, "Baba, tuchukue eto gani, ile kubwa ao ile yenye kuzunguka?" Eto ndilo jina tulilolizoea sisi wa Baraka, huku ufukweni mwa Ziwa Tanganyika; tulilipokea kwa Wabelgiji. Vitabuni ni jiliwa: taya mbili za chuma zinazofungwa mezani, moja imetulia, nyingine inasukumwa na parafujo nene, zibane kitu ili mikono yako yote miwili ibaki huru kukata, kupiga tupa, au kujikuna. Bila jiliwa fundi wa chuma ni mtu mwenye nyundo tu, na mtu mwenye nyundo tu huwatisha majirani.

Aliyenikataza rangi ni Fundi Etabo. Alikuwa mkubwa wetu katika karakana ya kiwanda cha pamba, miaka ile ya hamsini, nami nilikuwa chini yake. Etabo aliongea na watu kidogo na chuma sana. Akiingia dukani kuangalia jiliwa, mwenye duka alianza kujipangusa jasho. Kwanza angeomba karatasi nyembamba, ile ya kusokotea tumbaku. Anararua kipande, anakiweka kwenye pembe moja ya taya, anafunga polepole, anavuta. Halafu pembe ya pili. Karatasi ikishikwa kotekote, taya zinakutana sawasawa. Ikichomoka upande mmoja, alisema, "Hii iko na mudomo wa kucheka," na kweli, jiliwa la namna hiyo hukucheka kila siku: bomba linapinda, nati inateleza, tupa inaruka.

Pili, alisukuma mkono wa jiliwa, ile fito ya kuzungushia parafujo, kwa kidole kimoja tu. Kama unazunguka bila kugomba, vizuri. Kisha alishika taya inayotembea, akaitikisa juu na chini. Ikicheza kama jino linalotaka kutoka, aliliacha hapohapo. Miaka mingi baadaye, nilipofika chuo kikuu, profesa alinifundisha jina refu sana la kucheza huko. Nililiandika, nikafaulu mtihani, na jina lenyewe limeshanitoka.

La tatu lilikuwa sikio. Etabo alichukua kijinyundo, akagonga jiliwa mbavuni. Chuma kilichofuliwa kwa moto na nyundo huitika kwa sauti inayobaki hewani. Chuma kilichomiminwa tu kwenye udongo husema "du", kisha kinanyamaza kama mtu aliyeulizwa nani amekula nyama. Cha kumiminwa si kibaya chote, msinielewe vibaya. Kikiwa kinene kitakutumikia. Ila hakipindi kwanza ndipo kivunjike. Kinavunjika tu, siku ambayo una mgeni.

Mimi nilijua yote hayo. Nikaingia duka moja pale Baraka, nikaliona la kijani, kijani cha ndizi mbichi, na herufi za dhahabu kifuani. Karatasi nilikuwa nayo mfukoni. Ikabaki mfukoni.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kiwandani kwa kelele. Msimamizi wetu, mzungu mwenye masharubu na hasira za asubuhi, alikuwa ametutukana mbele ya wake zetu siku ya mshahara, nami nikamjibu. Niliondoka kabla hajamaliza kushangaa. Nikamwambia mke wangu, Nyota, kwamba sasa nitafanya kazi nyumbani, bila mkubwa juu ya kichwa changu. Nyota akasema, "Sawa, lakini kazi yenyewe inajua kwetu ni wapi?"

Haikujua. Jiliwa la kijani nilikuwa nimelifunga katikati ya meza, kama chombo cha maua. Hilo nalo ni kosa, andikeni: jiliwa hukaa ukingoni mwa meza, na ile taya iliyotulia ijitokeze nje kidogo ya ukingo, ili ukibana bomba refu wima lishuke hadi chini bila kugonga mbao. Na juu yake ilingane na kiwiko chako ukiwa umesimama. Langu lililingana na kifua. Nilipopiga tupa, nilionekana kama mtu anayeogelea.

Kazi ya kwanza ya maana ilikuja na Mzee Ramazani. Alikuwa mwenye mtumbwi mkubwa wa mota, mtu wa familia za Kiislamu za ufukweni, kofia nyeupe daima, sauti ya kuita watu waliopo ng'ambo ya ziwa. Mota yake ilizungusha shafti ndefu ya chuma, na mwisho wa shafti hiyo ndipo rafadha, ile panga ya kusukuma maji, ilipofungwa kwa nati. Hesi, ile mikato ya kuzunguka inayoshika nati, zilikuwa zimelika kabisa. Alitaka hesi mpya.

"Fundi, giza inaingia," alisema. Alimaanisha mwezi. Ndakala, dagaa wetu wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, na mtumbwi wa Ramazani ndio uliokuwa ukiwavuta wavuvi wengine hadi kwenye vilindi. Mwezi ulikuwa umebaki ukucha. "Ukishindwa, uniambie sasa, mi nipeleke Albertville."

"Sishindwi, Baba."

"Kule kiwandani banasema utarudi kuomba kazi kabla ya mahindi kukomaa."

"Banasema nani?"

"Banasema wote."

Basi mwelewe nilipokuwa nimesimama. Shafti ile ikitengenezwa, ufuko mzima ungejua kuna fundi nyuma ya nyumba fulani. Ikishindikana, ningerudi kiwandani na kofia mkononi, kwa yule mwenye masharubu, naye angekuwa amefanya mazoezi ya maneno.

Nikabana shafti. Nikakaza. Nikakaza tena, maana ilikuwa nzito na hesi hukatwa kwa nguvu. Jiliwa la kijani likasema "du". Taya ya mbele ikaanguka mguuni pangu, na ndani ya ule mvunjiko nikaona kilichokuwa chini ya rangi: ufa wa zamani, umejazwa udongo fulani, umelainishwa, umepakwa kijani. Ukucha wa kidole gumba ungetosha kuugundua.

Nilirudi dukani nikichechemea. Mwenye duka alikuwa na jingine, jekundu, kubwa mara mbili. Safari hii nikatoa karatasi. Pembe ya kushoto ikashikwa. Pembe ya kulia karatasi ikatoka kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mahubiri. Nikajaribu tena.

"We unanunua eto ao unanunua karatasi?" mwenye duka akauliza.

"Hii iko na mudomo wa kucheka."

"Inakucheka wewe," akasema, na wateja wote wakakubaliana naye.

Jioni Nyota alinitazama nikijikanda mguu, akasema neno ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu mchana. "Kwa mama iko eto."

Nililijua. Ng'ambo ya mto Mutambala, kwenye kibanda cha jiko la mama mkwe wangu, kulikuwa na jiliwa lililoachwa na marehemu baba mkwe, aliyewahi kufanya kazi na wajenzi wa madaraja. Lilifungwa juu ya gogo la mti mgumu lililozikwa ardhini. Mama Nyota alilitumia kuvunjia kokwa za michikichi. Kokwa katikati ya taya, robo ya mzunguko, "ta!", ganda pembeni, kiini kikapuni. Bamama, akina mama wa mtaa mzima, walikuja na vikapu vyao kupanga foleni. Nilikuwa nimesikia ile "ta!" mara nyingi nikipita njiani, na kila mara nilipita nikiangalia upande wa pili.

Ninyi wa leo mnakaa na mama wakwe zenu kwenye kiti kimoja mkichekea redio. Sisi hapana. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na zaidi ya yote, mkwe hamwamuru mama mkwe. Ukimkuta njiani, mmoja anaingia kwenye majani, na majani yakikosekana mnapeana migongo. Ukiwa na neno la kumwambia, unalipitisha kwa mtu mwingine hata kama yeye mwenyewe anakusikia. Sasa niambieni, jiliwa utalichaguaje bila kulitazama, na anayekaa mbele yake ni mama mkwe?

Tulikwenda asubuhi. Nyota alitundika mkeka kwenye kamba katikati ya kibanda. Mimi upande huu, mama yake upande ule, yeye ukingoni akituona wote wawili na akifurahi kupita kiasi.

"Mukwe anataka nini?" sauti ikauliza nyuma ya mkeka. Ilikuwa sauti ya mtu asiyeacha kutafuna.

"Anataka ajue kama eto yako iko muzuri."

"Muambie aulize kokwa."

Nikamwomba Nyota aweke karatasi. Akaweka pembe hii, mama akafunga, akavuta: imeshikwa. Pembe ile: imeshikwa. Nikamwomba aitikise taya inayotembea. "Haitikisiki," akasema. Nikaomba mama apige mbavuni kwa nyundo.

"Anataka nipige kitu ya marehemu?"

"Polepole tu, mama."

Akapiga, na si polepole. Sauti ilitoka ikapanda juu ya kibanda, ikakaa hewani, kuku wakanyamaza kuisikiliza. Nilisimama pale nimefumba macho. Sijawahi kuchagua kitu kwa uhakika kama huo, na sikuwa nimekiona hata rangi. Baadaye nilijua hakikuwa nayo. Mafuta ya kokwa yalikuwa yamekipaka weusi mmoja laini, bila tone la kutu. Mafundi wengi wenye makopo ya grisi hawakutunza majiliwa yao hivyo.

"Muambie mama naliomba. Nitalirudisha."

"Haitoki," ikajibu sauti, na zamu hii haikungoja kupitishiwa. "Bamama bataenda wapi? Afanyie kazi hapa. Lakini akimaliza apanguse taya. Sitaki chuma ndani ya mafuta ya batu."

Hivyo ndivyo kazi yangu ya kwanza nyumbani ilivyofanyika nyumbani kwa mtu mwingine.

Kesho yake nilivuka mto na shafti begani, na mkeka ukashushwa hadi juu ya jiliwa lenyewe, kati ya taya na mkono wa kuzungushia. Taya zikawa upande wangu, mkono upande wake. Kukaza au kulegeza, ni yeye; mimi nisingeweza kupenyeza mkono chini ya mkeka bila kukutana na wa kwake, na heri ningerudi kiwandani. Bamama wenye vikapu walikubali kungoja, si kwa huruma, bali kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kioja hicho.

Tatizo, Nyota alikuwa na ndakala za kuuza sokoni. Akatutafutia mjumbe. Kwetu neno la kumfikia mkwe linaweza kupitishwa hata kwa mnyama, ilimradi si moja kwa moja. Nyota akafunga kuku mguu kwa uzi kwenye gogo, akaenda zake.

"Kuku," nikasema, "uambie mwenye kukamata mukono, akaze kidogo."

Mkono ukazunguka. Shafti ikatulia kama imezaliwa pale.

"Kuku," sauti ikasema, "uulize mukwe kama inatosha."

"Kuku, sema inatosha. Aksanti."

Kazi ikaenda. Hesi mpya hukatwa kwa subira: nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili vumbi la chuma lianguke, mafuta, tena. Mafuta yalikuwa ya kokwa, na niwaambie, yanashinda mengine mengi. Adhuhuri nilikuwa nimekata hesi safi, zinazong'aa. Kulikuwa kumebaki kugeuza shafti niishike kwa upande wenye hesi, nisafishe sehemu nyingine. Hapo unaweka vipande viwili vya shaba nyekundu kwenye taya, ili meno ya jiliwa yasiume kazi yako. Nikaviweka. Nikamwambia kuku akaze.

Mkono ukaanza kuzunguka. Kipande kimoja cha shaba kikateleza, kikaanguka.

Neno moja tu lilihitajika: acha. Lakini "acha" kwa mama mkwe! Nikageuka kwa kuku. Uzi ulikuwepo. Kuku hakuwepo.

"Kuku!" nikaita. "Kuku! Kuku!"

"Ameenda kunywa maji," sauti ikasema kwa upole, na mkono ukaendelea. "Atarudi."

Nikakohoa. Nikagonga gogo. Nikapiga chafya ya uongo. Bamama walikuwa wananiona, wote, na kila mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Jiliwa zuri lina ubaya mmoja: likiambiwa kaza, linakaza. Nikasikia meno yakiingia kwenye hesi zangu, "krrr".

Mama Nyota naye akaisikia. Mkono ukasimama. Kisha, kwa gogo, maana hapakuwa na mwingine: "Gogo, uulize mukwe kama ile ilikuwa sauti ya kazi."

"Gogo," nikasema, "haikuwa."

Wakati huohuo Mzee Ramazani akatokea njiani. Alikuwa amekwenda kwangu, akaona la kijani limelala vipande viwili, akafuata nyayo za mguu wangu mmoja na nusu hadi ng'ambo ya mto. Akatazama mkeka. Akatazama shafti yake.

"Nani ameuma hii?"

Bamama wakaangalia vikapu.

"Inapona," nikamwambia. "Nakata ncha hii iliyoumwa, nachonga hesi upya nyuma yake. Shafti inapungua upana wa vidole. Kule kwenye mota imeingia ndani sana, tutaivuta kidogo. Lakini nataka mutu wa kusema."

"Kusema nini?"

"Kaza, na legeza, na acha. Zaidi sana acha."

Ramazani alikuwa mtu ambaye wavuvi walivua kofia akipita. Alitazama jua, akakumbuka mwezi, akaketi ukingoni mwa mkeka juu ya kikapu kilichogeuzwa.

"Mama, salamu. Fundi anasema ukaze."

"Muambie nimekaza."

"Fundi, amekaza."

"Baba, muambie zaidi kidogo."

"Mama, zaidi kidogo."

"Muambie zaidi ya hapa atakuja kukaza yeye."

"Fundi..."

"Nimesikia, Baba."

"Hapana, ngoja nikuambie. Anasema zaidi ya hapa utakuja kukaza wewe." Alikuwa ameipenda kazi.

Tulipomaliza, jua lilikuwa limeegemea milima ya magharibi. Nilikuwa nimekata, nimechonga ncha iwe na mlalo mdogo ili hesi zianze bila kupinda, nimekata hesi mpya juu ya chuma kizima. Siku nzima jiliwa lile halikurudi nyuma hata unywele. Nikaweka nati juu ya ncha, nikaisukuma kwa kidole. Ikapanda yenyewe, ikizunguka, hadi mwisho. Bamama wakapiga vigelegele. Nyuma ya mkeka, mtu akatema ganda.

Jioni ile mtumbwi wa Ramazani ulitoka Baraka ukivuta mingine nyuma yake, taa bado hazijawashwa. Nilisimama ufukweni hadi mlio wa mota ukapotea. Kiwandani sikurudi.

Mngedhani hapo nikawa mtu huru. Nilipopata nafasi nilipanda meli hadi Albertville, nikatafuta jiliwa langu mwenyewe kwa karatasi, kidole na sikio, nikakataa mengi hadi wakaniita daktari wa meno. Nikarudi na la chuma cha kufua, zito, baya kwa sura, safi kwa kila jaribio. Nikalifunga ukingoni mwa meza, kwa kimo cha kiwiko. Lingewafaa nyote.

Pia nilimpelekea Mama Nyota mbuzi. Kwetu mkwe akitoa mbuzi, heshima ile hulegezwa, wanaweza kutazamana na kuzungumza. Ramazani ndiye aliyempeleka, akarudi na jibu.

"Mama amemukubali mbuzi."

"Na mukeka?"

"Mukeka unabaki. Anasema mukeka ukitoka, wewe utaanza kumujibu."

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana yangu mpya, nikamwona Ramazani anapita na bomba la mota begani. Hakusimama.

"Baba! Eto iko hapa sasa!"

"Naona, fundi. Iko muzuri sana," akasema akiendelea kutembea. "Lakini mashua zote zinajua njia ya Mutambala. Na Mama amesema kazi zipite kwake kwanza, yeye ndiye anajua ya kuanza nayo."

Nikafunga mlango, nikamfuata. Tulipofika, wenye mitumbwi walikuwa wamepanga foleni upande mmoja na bamama upande wa pili, na bomba la mtu mwingine lilikuwa tayari limebanwa katikati ya taya, vipande vya shaba vyote viwili mahali pake.

"Baba Ramazani," ikasema sauti nyuma ya mkeka, "muambie fundi wetu kila kitu iko ndani ya eto. Ni yeye tu tulikuwa tunakosa."

Ramazani akanigeukia, akafungua mdomo kunipitishia. Nikavua koti, nikaenda upande wangu.